Mwalimu wa Bagamoyo katika Mji wa Berlin

Mwanafunzi wa Kenya hujifunza mapema habari za Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, akamzika mkewe na mtoto wake mchanga katika mwaka ule ule, na hata hivyo akaendelea kukusanya maneno ya Kiswahili mpaka yakawa kamusi kubwa, iliyopigwa chapa mwaka wa 1882 naye amekwisha kufa. Twaisifu subira yake, na sifa hiyo inamstahili. Lakini wachache miongoni mwetu wajua ya kuwa njia ile aliyoijia Krapf ilipitwa pia na watu wa kwetu wakienda upande wa pili. Walikuwako Waswahili walioacha miji yao wakaenda kukaa katika nchi ya baridi, wakafundisha lugha yao katika chuo kikuu, wakaandika kwa kalamu zao habari za nchi yao na watu wake. Katika insha hii nataka kusimulia habari za mmoja wao, naye ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa mwaka wa 1869 huko Dunda, karibu na Bagamoyo. Mwaka huo ndio uliofunguliwa mfereji wa Suez, ambao baadaye uliifanya safari ya Ulaya, iliyokuwa ya miezi, iwe safari ya majuma tu. Yamkini hakuna aliyewaza siku ile kwamba mfereji wa Misri una jambo lolote na mtoto wa Mrima. Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya pembe za ndovu iliishia pale, na wapagazi wa Kinyamwezi walitua mizigo yao pale kwa maelfu. Waarabu, Wahindi, Washomvi, Wazaramo, Wadoe na Wakwere walikutana sokoni, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kijana aliyelelewa mahali kama hapo hakosi kuwa na jicho la kutazama watu na sikio la kusikia tofauti za maneno. Mtoro alisoma elimu ya dini kwa wanazuoni wa mji ule mpaka akawa yeye mwenyewe mwalimu.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, mwaka wa 1888, kampuni ya Wajerumani ilitaka kuitawala pwani, na watu wa pwani wakaikataa kwa silaha. Bushiri bin Salim aliongoza vita upande wa Pangani na Bagamoyo, akashindwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa muda Bagamoyo ikawa makao makuu ya Wajerumani, hata serikali ikahamia Dar es Salaam mwaka wa 1891. Nayataja mambo haya ili msomaji akumbuke kwamba Mtoro hakuwajua Wajerumani kwa kusikia. Aliwaona kwanza wakiwa na mizinga, kisha wakiwa na vitabu vya kodi, na mwisho ndipo alipowaona wakiwa na madaftari ya shule.

Shule yenyewe ilikuwa Berlin. Mwaka wa 1887 serikali ya Ujerumani ilifungua katika chuo kikuu cha mji huo Seminari ya Lugha za Mashariki. Ilifundisha Kiarabu, Kituruki, Kiajemi, Kihindi, Kichina, Kijapani, na pamoja na hizo Kiswahili. Mkuu wake alikuwa Eduard Sachau, bingwa wa Kiarabu, ambaye mwaka ule ule alikuwa amekipiga chapa kitabu cha al-Biruni juu ya Bara Hindi. (Al-Biruni naye, karibu miaka elfu iliyopita, alikaa ugenini akijifunza Kisanskriti kwa Wahindi ili aandike habari zao kwa haki, ni jambo la kutazamwa kwamba aliyemfufua mgeni yule wa kale ndiye aliyekuwa mkuu wa wageni hawa wa sasa.) Seminari haikujengwa kwa kupenda elimu tu. Ilikusudiwa kuwaandaa maofisa, mahakimu, wafanya biashara na wamisheni ambao wangepelekwa makoloni na katika balozi, na lugha ilikuwa chombo cha kazi yao.

Kwa kila lugha kulikuwa na walimu wa namna mbili. Mwalimu wa Kijerumani alifundisha sarufi, na kando yake alikaa mwenyeji wa lugha, aliyeitwa lekta, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazoeza wanafunzi kusema, kusoma na kuandika kama wasemavyo wenyewe. Katika upande wa Kiswahili, mwalimu wa kwanza wa Kijerumani alikuwa Carl Büttner, na lekta wa kwanza alikuwa Sleman bin Said wa Unguja. Baada ya Sleman akaja Amur bin Nasur, naye ni wa Unguja, aliyefundisha tangu 1891 hata 1895. Amur aliandika habari za maisha yake na za mambo aliyoyaona Berlin, na Büttner akazitia katika mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili uliotoka mwaka wa 1894. Kwa hiyo Mtoro alipofika Berlin mwaka wa 1900 alikuwa akikalia kiti kilichokwisha kukaliwa na wenziwe. Büttner alikuwa amefariki mwaka wa 1893, na mwalimu wa Kijerumani sasa alikuwa Carl Velten, aliyepata kuwa mkalimani wa serikali huko Afrika ya Mashariki.

Berlin ya mwaka ule ilikuwa na watu karibu milioni moja na laki tisa. Mtu wa Bagamoyo aliyezoea kumjua kila mwenye duka kwa jina la babaye hana budi kupotea kwanza moyoni kabla ya kupotea njiani. Mji ulikuwa ukibadilika kwa haraka. Magari ya kukokotwa na farasi yalikuwa yakiondoka, ya umeme yakiingia, na mwezi wa Februari mwaka wa 1902 ikafunguliwa reli ya umeme iliyopita mahali pengine juu ya nguzo na mahali pengine chini ya ardhi. Hayo yote ni mambo ya kushangaza, lakini mimi nadhani mshangao wa namna hiyo huisha upesi. Mtu huzoea gari kwa juma moja. Mambo madogo ya kila siku, yale ambayo nyumbani hakuna ayafikiriye, ndiyo yasiyozoeleka upesi.

Chukua saa. Mswahili huhesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa, na pwani yetu jua halimdanganyi: saa kumi na mbili limetoka, saa kumi na mbili limezama, Januari hata Desemba, kwa tofauti ya dakika chache. Berlin iko mbali sana kaskazini. Mwisho wa Desemba jua hutoka huko saa mbili na robo ya asubuhi kwa hesabu yetu, likazama saa kumi za alasiri. Mwisho wa Juni, kwa saa zilizotumika zama zile, lilitoka kabla ya saa kumi za usiku, likazama saa mbili na nusu za usiku uliofuata, na hata baada ya kuzama mwanga wake haukutoweka kabisa usiku kucha. Sasa fikiri mtu ambaye sala zake tano zafuata jua. Wakati wa baridi adhuhuri, alasiri na magharibi hukimbizana kama watoto. Wakati wa joto husubiri isha, na giza la isha lisije.

Chukua tena kibla. Kwa mtu wa pwani yetu, Makka iko upande wa kaskazini, kiasi kwamba neno kibla lenyewe limekuwa jina la upande huo, na mabaharia hulitumia bila kuwaza sala. Lakini kwa mtu aliye Berlin, Makka iko kusini-mashariki. Mtu wa Mrima akisimama Berlin akaelekea kule alikozoea kuelekea tangu utoto wake, ameipa Makka mgongo. Wala hakukuwa na msikiti wa kumsahihisha. Msikiti wa kwanza wa kusalia katika Ujerumani ulijengwa mwaka wa 1915, nao ulikuwa wa mbao, katika kambi ya mateka wa vita huko Wünsdorf. Waislamu waliokuwako Berlin mwaka wa 1900 walisali majumbani. Ramadhani ya mwaka huo iliandama katika siku za mwisho za Desemba, wakati mchana wa Berlin ni mfupi kuliko siku zote. Kwa hiyo saumu ilikuwa fupi, lakini aliyefuturu alifuturu bila kusikia adhana, na nje ya dirisha watu walikuwa wakisherehekea Krismasi.

Kulikuwa na jambo jingine, zito kuliko baridi. Mwaka wa 1896, miaka minne tu kabla ya kufika Mtoro, yalikuwako Berlin maonyesho makubwa katika bustani ya Treptow, na ndani yake walionyeshwa zaidi ya watu mia moja kutoka makoloni ya Ujerumani. Walijengewa vijiji vya mfano wakae humo, na watu wa Berlin walilipa kiingilio wakaja kuwatazama wakipika na kucheza ngoma. Basi mtu mweusi aliyetembea barabarani mwaka wa 1900 alitazamwa na macho yaliyokwisha kufundishwa jinsi ya kumtazama. Mtoro alikuja kwa mkataba wa kufundisha. Lakini mkataba hukaa mfukoni, na uso huonekana na kila mtu.

Turudi katika darasa. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, maofisa na makarani waliokuwa wakijiandaa kwenda kuitawala nchi yake. Mwalimu wa Kijerumani aliweza kuwaeleza kwa kanuni kwa nini twasema mti umeanguka na mtu ameanguka, lakini sikio la kusikia kosa lilikuwa la lekta. Ni yeye ambaye alipaswa kuwaeleza kwamba kupiga si kugonga tu, maana mtu hupiga bunduki, hupiga kelele, hupiga mbizi, hupiga magoti, na katika hayo yote hakuna anayeumizwa ila kwa bunduki. Ni yeye aliyepaswa kuwafunza kwamba Mswahili haanzi shauri lake kabla ya kuuliza hali. Tunaweza kuwaza ilivyokuwa vigumu kumfundisha ofisa adabu ya hodi na ya kumwamkia mzee, naye ofisa ana haraka ya kujua lete, chukua na fanya upesi. Tena walihitaji kujifunza herufi za Kiarabu, kwa sababu majumbe na wafanya biashara wa pwani waliandikiana kwa hati hizo, na Büttner alikuwa amekwisha kupiga chapa mwaka wa 1892 mkusanyo mzima wa barua za namna hiyo ili wanafunzi wazizoee.

Kazi ya darasa ni moshi, haibaki. Lakini Seminari ilihitaji vitabu vya kusoma, na hapo ndipo lekta alipogeuka kuwa mwandishi na mchunguzi. Mwaka wa 1901 kikatoka kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, alichokikusanya Velten. Ndani yake mna masimulizi ya watu mbalimbali. Mmoja wao ni Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake mpaka Urusi na Siberia mwaka wa 1896, na nawasihi vijana waitafute habari yake, kwa kuwa ni nadra kuona Urusi ya wakati ule kwa macho ya mtu wa bahari ya Hindi. Mtoro alisimulia safari yake ya Udoe na Uzigua, mahali ambapo ni siku chache tu kutoka kwao. Wengine wakisimulia nchi za barafu, yeye akiwa katikati ya barafu alisimulia jirani zake wa nyumbani.

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1903, huko Göttingen kikapigwa chapa kitabu kikubwa kuliko hicho, Desturi za Wasuaheli, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani katika jalada jingine. Hiki ndicho kitabu kilichohifadhi jina la Mtoro. Chaanza na mimba na uzazi, kikaendelea na kumpa mtoto jina, malezi, michezo, chuo cha Kurani, jando na unyago, posa na harusi, ngoma, pepo na uganga, viapo vya kumjua mwongo, kilimo, uvuvi, biashara ya bara, utani, heshima ya majumbe, mambo ya watumwa na mabwana, maradhi, na mwisho mazishi. Mtu akikisoma aona kwamba kimefuata maisha ya binadamu kutoka tumbo la mama hata kaburi, na kati yake kikaweka mji mzima.

Si kila neno lililo ndani ni la Mtoro peke yake. Velten alikuwa amekusanya mambo mengi kwa watu wengine alipokuwa Afrika ya Mashariki. Lakini mwenye mkono mkubwa alikuwa Mtoro, na Velten mwenyewe hakulificha jambo hilo katika utangulizi wake. Ila juu ya jalada liliandikwa jina la Velten. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wataalamu wa Ulaya katika zama zile. Aliyeyajua mambo aliitwa msaidizi, naye aliyeyapanga akaitwa mwenye kitabu. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwingine. Jomo Kenyatta alipokuwa London katika miaka ya 1930 alianza naye kwa kuwasaidia wataalamu wa matamshi katika University College kwa kuwasemea Kikuyu. Kisha akasoma chini ya Malinowski, na mwaka wa 1938 akatoa kitabu juu ya watu wake, Facing Mount Kenya, kilichobeba jina lake yeye. Kati ya jalada la 1903 na jalada la 1938 kuna miaka thelathini na mitano, na wanafunzi wa historia wangefanya vyema kuyaweka majalada hayo mawili mezani pamoja.

Nataka kukaa kidogo juu ya kazi hii ya kuandika desturi, maana naona ndiyo iliyo kiini cha habari hii. Mtu aliye kwao hazioni desturi zake. Huko Bagamoyo hakuna aliyemwuliza Mtoro kwa nini mtoto huchezewa hivi au kwa nini maiti huoshwa vile. Mwenye kuuliza angedhaniwa ana wazimu au ni mgeni. Ni katika Berlin, mbele ya watu wasiojua hata namna ya kuvaa kanzu, ndipo kila jambo lilipohitaji maelezo tangu mwanzo. Ugeni ulimlazimisha kuitazama Bagamoyo kana kwamba anaitazama kutoka mnarani. Kwa hiyo nasema kwamba kazi ile, ingawa yote yahusu Mrima, isingaliweza kuandikwa Mrima kwa namna ile. Na yamkini, ingawa hakuandika hivyo, ilikuwa pia dawa ya upweke. Mtu anayekumbuka kwa utaratibu jinsi harusi inavyopangwa, nani analeta mkeka, nani anapiga ngoma na nani anapewa ada, kwa saa ile hayuko Berlin.

Msomaji wa Lamu au Mombasa akikisoma kitabu hiki ataona mambo asiyoyajua, na pengine atasema kwetu si hivi. Ni kweli, si hivyo. Zilizoandikwa ni desturi za Mrima, na hasa za Bagamoyo na jirani zake; jina la Wasuaheli katika jalada ni pana kuliko yaliyomo. Tena, yako mambo ambayo Mtoro aliyaona kwa jicho la muungwana. Asemapo juu ya watumwa, asema kama mtu aliyekua kati ya mabwana na watumwa, akazijua kanuni za wote wawili, lakini hakupata kuvaa nguo ya mtumwa. Ametueleza vizuri tofauti ya mzalia na yule aliyeletwa karibuni kutoka bara, na namna kila mmoja alivyopaswa kukaa mbele ya bwana wake. Hakutueleza mtumwa aliwaza nini alipokuwa peke yake. Utumwa wenyewe ulikuwa haujaondolewa katika koloni la Wajerumani wakati kitabu kikipigwa chapa. Mimi simlaumu sana, lakini anayekisoma leo inampasa aijue kasoro hiyo.

Mambo yalianza kuharibika baada ya kitabu kutoka. Katika wanafunzi walikuwamo waliokataa kumpa mwalimu mweusi heshima ya mwalimu, na Mtoro hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuja kama mwalimu, na alitaka kuitwa na kutendewa kama mwalimu. Mwaka wa 1904 alimwoa Berlin mwanamke wa Kijerumani. Ndoa hiyo ilikuwa halali. Katika Ujerumani yenyewe hapakuwa na sheria ya kuizuia. Mwaka uliofuata kazi yake katika Seminari ilikwisha, wakapanda meli yeye na mkewe kuja Afrika ya Mashariki, wakikusudia kukaa kwao.

Hawakukaa. Serikali ya koloni haikukubali mwanamke wa Kizungu aishi katika nchi ile akiwa mke wa Mwafrika. Jambo lililoruhusiwa Berlin, mji mkuu wa watawala, likakatazwa Bagamoyo, mji wa mume. Gavana wakati ule alikuwa von Götzen, na mwaka wa 1906 ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku kabisa katika koloni. Mtoro aliambiwa kwa vitendo kwamba aweza kurudi kwao bila mkewe, au kuwa na mkewe bila kurudi kwao. Akamchagua mkewe. Meli ikawarudisha Ujerumani. Katika mwaka huo huo wa 1905, mwezi wa Julai, vita vya Maji Maji vilizuka huko Umatumbi, na baadhi ya maofisa waliokwenda kuvizima walikuwa wamejifunza Kiswahili katika chuo kile alichofundisha Mtoro.

Hapa wako wasomaji watakaouliza swali lililo gumu: je, mtu huyu hakuwatumikia waliowatawala wenziwe? Naam, aliwatumikia. Lugha aliyoifundisha ilitumika kutoza kodi, kuhukumu na kuamuru. Sioni faida ya kulifunika jambo hili kwa nguo nzuri. Lakini mwenye kuuliza aulize pia ni mlango gani mwingine uliokuwa wazi mwaka wa 1900 kwa mwanachuoni wa Bagamoyo aliyetaka kuiona dunia na kuandika kitabu. Katika pwani ya wakati ule hapakuwa na chuo kikuu kimoja. Aliyetaka elimu ya dini aliweza kwenda Unguja, Lamu au Makka; aliyetaka kitabu chake kipigwe chapa kwa Kiswahili hakuwa na njia nyingi zaidi ya hii. Aliingia kwa mlango wa watawala, na ndani yake akafanya kazi ambayo watawala hawakumwomba aifanye kwa uzuri kiasi hicho. Walitaka kitabu cha mazoezi, wakapewa mji wa Bagamoyo mzima.

Habari zake za baadaye naweza kuzisema kwa maneno machache. Mwaka wa 1908 ilianzishwa taasisi ya mambo ya makoloni katika mji wa bandari wa Hamburg, na Carl Meinhof, mtaalamu mashuhuri wa lugha za Kibantu, akaenda kufundisha huko. Mtoro alifanya kazi kwake ya kusaidia kufundisha Kiswahili tangu 1909 hata 1913. Ilikuwa kazi ile ile ya Berlin, ya kuwa sauti ya lugha mbele ya watu wanaoipima, na safari hii kupima kulikuwa kupima kweli, kwa kuwa mwaka wa 1910 Hamburg ilifungua maabara ya matamshi yenye mitambo ya kupima pumzi na sauti. Baada ya hapo hakupata tena kiti katika chuo. Akawa mtu wa kuzunguka, akitoa hotuba katika miji ya Ujerumani juu ya Afrika ya Mashariki na maisha ya watu wake.

Kisha ikaja vita kuu ya 1914. Ilipokwisha, Ujerumani haikuwa na makoloni tena, na Bagamoyo ilikuwa chini ya Waingereza katika nchi iliyopewa jina jipya la Tanganyika. Watu kama Mtoro walijikuta katika hali ya ajabu. Walikuwa wamezaliwa katika nchi ambayo Ujerumani iliitawala, wakaishi Ujerumani, na sasa si rahisi kusema ni raia wa wapi. Wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwenda kutawala hawakuwako tena, na haja ya lekta ikapungua pamoja nao. Aliendelea kukaa na mkewe katika mji ule ule aliofika akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Alifariki Berlin mwaka wa 1927. Kwa hesabu, miaka yake ya Ujerumani, ukiondoa ile safari moja iliyozuiwa, ilikuwa ishirini na saba, karibu sawa na ile aliyokaa kwao.

Kitabu chake kilibaki katika maktaba za wataalamu, kikijulikana zaidi kwa jina la Velten. J. W. T. Allen, Mwingereza aliyeishi miaka mingi Afrika ya Mashariki na kukusanya hati nyingi za Kiswahili, alikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri yake ikapigwa chapa Marekani mwaka wa 1981. Katika jina la chapa hiyo imeandikwa kwamba ni desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Velten ametajwa ndani.